Padri Julius Nieuwland na Minyororo ya Mpira

Katika misitu ya Tshopo, karibu na mji wa Kisangani, kuna mimea ya kutambaa inayopanda juu ya miti mikubwa. Ukiikata kwa panga, hutoka utomvu mweupe kama maziwa. Utomvu huo ukigandishwa huwa mpira. Zamani za utawala wa mfalme Leopold, tangu mwaka 1885 hata mwaka 1908, watu wa Kongo walilazimishwa kuutafuta mpira huo msituni. Kijiji kilicholeta kidogo kilipata adhabu kali. Wanaume walipigwa, wanawake walifungwa, na wengine walikatwa mikono. Ulaya na Marekani zilitaka mpira mwingi kwa magurudumu ya baisikeli na ya motokari, na siku zile mpira ulitoka katika mimea tu.

Leopold alikuwa mfalme wa Wabelgiji. Katika nchi yake, kijijini Hansbeke karibu na mji wa Ghent, alizaliwa Julius Nieuwland tarehe 14 Februari 1878. Wazazi wake walikuwa watu wa kawaida, na mwaka 1880 walivuka bahari wakahamia Marekani, katika mji wa South Bend. Maisha yake yalipita huko, mbali sana na Kongo. Lakini kazi yake ilikuwa ya mpira.

Karibu na nyumbani kwao palikuwa na chuo kikuu cha Notre Dame, maana yake Bibi Yetu, nacho kiliongozwa na mapadri wa Shirika la Msalaba Mtakatifu. Julius alisoma hapo, akamaliza mwaka 1899. Akaingia katika shirika hilo, akaweka nadhiri za utii, za usafi wa moyo na za umaskini. Mwaka 1903 alipewa daraja takatifu ya upadri. Wakubwa wake walimpeleka mji wa Washington aendelee na masomo katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki, na mwaka 1904 akapata cheo cha udaktari.

Huko Washington alianza kuchunguza gesi iitwayo asetilini. Ukimwaga maji juu ya mawe ya kabidi, hutoka gesi hii. Wachimba madini wa zamani waliitumia katika taa zao. Siku moja Padri Julius aliichanganya na dawa yenye arseniki, ambayo ni sumu. Chupa ikajaa kitu cheusi chenye harufu ya kuchoma. Akaugua, akalazwa hospitali siku kadhaa. Alipopona aliandika yaliyotokea katika kitabu chake cha masomo, kisha akaacha kabisa uchunguzi huo, asiuguse tena. Lakini maandiko hayafi. Mwaka 1918, wakati wa vita vikuu, wataalamu wa jeshi la Marekani walionyeshwa kitabu kile, wakaifanya sumu ile kuwa silaha. Vita vikaisha Novemba ya mwaka huo kabla silaha hiyo haijafika vitani.

Aliporudi Notre Dame, Padri Julius alipewa kufundisha elimu ya mimea. Alitii, akaipenda kazi hiyo. Alikusanya majani na maua mengi, na mwaka 1909 alianzisha gazeti la wataalamu wa mimea na wanyama. Hata hivyo hakuiacha asetilini. Katika chumba chake cha kazi alisaidiwa na kijana mmoja hodari, Knute Rockne, ambaye baadaye alipata sifa kubwa Marekani kwa kufundisha timu ya mpira. (Si mpira huu wa miguu unaochezwa Kisangani; Wamarekani wanao wao, na huchezwa kwa mikono zaidi.)

Mwaka 1906 Padri Julius alipitisha asetilini katika maji yenye chumvi ya shaba. Akasikia harufu ngeni, wala haikuwa harufu ya asetilini. Mtu mwingine angefungua dirisha, akasahau. Yeye alitaka kujua ni harufu ya kitu gani, na kukijua kulimchukua miaka 14. Kitu chenyewe kilikuwa kidogo mno, kikipotea upesi. Alibadili chumvi, akabadili kipimo, akarudia tena na tena, huku akifundisha na kusoma Misa yake kila siku. Mwaka 1918 alihamishiwa masomo ya kemia, na mwaka 1920 akakipata. Chumvi ya shaba ilikuwa imeziunganisha molekuli tatu za asetilini zikawa moja.

Maana yake ni nini? Kila kitu kimefanywa kwa vipande vidogo sana, vidogo kuliko vumbi la unga. Vipande hivyo huitwa molekuli. Molekuli ya asetilini ina atomu nne tu, mbili za kaboni na mbili za hidrojeni. Wafikirie watoto uwanjani mwa shule, kila mmoja akikimbia peke yake. Hivyo ndivyo zilivyo molekuli za gesi. Sasa watoto washikane mikono, wawe mstari mmoja mrefu. Huwezi tena kumvuta mmoja bila kuwavuta wenzake. Lakini ili kumshika jirani, lazima mtu awe na mkono mtupu. Kaboni mbili za asetilini zimeshikana mara tatu. Zikilegeza mshiko mmoja, kila moja hupata mkono wa kumshika jirani. Chumvi ya shaba huzisaidia kulegeza.

Mstari mrefu wa namna hiyo huitwa polima. Mpira wa msituni nao ni polima. Mmea wenyewe huunga maelfu ya molekuli ndogo, mwisho wa moja kwa mwanzo wa nyingine. Minyororo hiyo imejikunjakunja. Ukiivuta hunyoka, ukiiachia hujikunja tena, na kwa sababu hiyo mpira huvutika na kurudi. Siku zile wataalamu wengi walikataa kwamba molekuli ndefu hivyo zaweza kuwapo. Mjerumani Hermann Staudinger alibishana nao miaka mingi, naye ndiye aliyekuwa na haki.

Mwishoni mwa mwaka 1925 Padri Julius alieleza kazi yake katika mkutano wa wataalamu mjini Rochester. Mtu mmoja wa kampuni ya DuPont alimsikiliza kwa makini, kwa sababu kampuni yake ilitafuta njia ya kutengeneza mpira. Wakapatana kufanya kazi pamoja. Mwaka 1930 wataalamu wa kampuni, walioongozwa na Wallace Carothers, walichukua molekuli mbili za asetilini zilizoungana, wakaziongezea hidrojeni na klorini. Wakapata maji maji yaliyogeuka yenyewe kuwa kitu kigumu cha kuvutika. Walipokitupa, kiliruka kama mpira. Mwaka 1931 kampuni ilitangaza mpira huo mpya, na baadaye ukaitwa neopreni. Mafuta ya motokari huvimbisha mpira wa msituni na kuuharibu. Neopreni huyastahimili vizuri zaidi, na jua pia.

Fedha zikaanza kuja. Padri Julius alikuwa na nadhiri ya umaskini, hivyo fedha hizo zilikwenda chuoni. Yeye aliendelea kuishi kama mapadri wenzake.

Mwaka 1936 alikwenda Washington kutembelea chuo chake cha zamani. Tarehe 11 Juni, moyo wake ulishindwa ghafula, akafa humo chuoni alimoanza kazi na asetilini. Alikuwa na miaka 58. Alizikwa Notre Dame, kati ya watawa wa shirika lake.

Wakati wa vita vya pili vya dunia, mwaka 1942, Wajapani waliteka mashamba makubwa ya mpira ya Asia. Neopreni ilikuwapo, lakini haikutosha kwa magurudumu yote ya majeshi. Serikali ya kikoloni ikawarudisha watu wa Kongo msituni, kukata mimea ile ile waliyoikata babu zao.