Enoch Sontonga: Mwalimu wa Kwaya Aliyetuachia Sala ya Taifa

Katika shule zetu za Misungwi, kuanzia Usagara hadi Mbarika, wanafunzi husimama mstarini na kuimba Mungu Ibariki Afrika. Wazazi wao waliuimba wakiwa watoto, na babu zao waliuimba bendera ya Tanganyika ilipopandishwa. Lakini ukiwauliza wengi wetu ni nani aliyeutunga, tunakaa kimya. Hakuwa rais wala mwanajeshi. Alikuwa mwalimu wa shule na wa kwaya, aliyefariki akiwa na umri wa miaka 32 tu.

Enoch Mankayi Sontonga alizaliwa mnamo mwaka 1873 huko Uitenhage, kusini mwa Afrika Kusini, katika kabila la Waxhosa. Alisomea ualimu katika chuo cha Lovedale, kilichoanzishwa na wamisionari kutoka Scotland. Baada ya masomo alipelekwa Nancefield, karibu na Johannesburg, kufundisha katika shule ya misioni ya Wamethodisti. Huko alifundisha, aliongoza kwaya, alihubiri akiwa mlei, na alipiga picha ili kuongeza kipato. Alimwoa Diana Mgqibisa, wakajaliwa mtoto mmoja wa kiume.

Johannesburg aliyoikuta ilikuwa mji mchanga. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa mwaka 1886, na katika miaka michache maelfu ya wanaume waliacha vijiji vyao kwenda migodini. Sisi wa Kanda ya Ziwa, tunaoijua Geita na Mwadui, hatuhitaji kuelezwa sana jinsi mgodi unavyobadilisha maisha ya familia. Ila kwa Waafrika wa kule mambo yalikuwa mazito zaidi. Walitakiwa kutembea na vibali, walilipwa ujira mdogo, na hawakuwa na sauti katika utawala wa nchi waliyozaliwa. Wanafunzi wa Sontonga walitoka katika nyumba za watu hao.

Aliwatungia nyimbo na kuziandika kwa mkono katika daftari. Inasemekana nyingi zilikuwa za huzuni, kwa sababu aliandika aliyoyaona. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Weusi wa Marekani, ambao katika utumwa walitunga nyimbo za kiroho zilizokuja kuwa mzizi wa muziki wa soul. Nyimbo hizo zilikuwa zimekwisha kufika Afrika Kusini wakati wa ujana wa Sontonga, kwani kuanzia mwaka 1890 waimbaji wa Orpheus McAdoo kutoka Marekani waliizunguka nchi hiyo wakiziimba. Pande zote mbili za bahari, watu walionyimwa haki walipeleka shauri lao kwa Mungu kwa kuimba.

Mwaka 1897 Sontonga alitunga ubeti wa kwanza na kiitikio cha Nkosi Sikelel' iAfrika, kwa lugha ya Kixhosa. Aliupangia sauti nne, kwa mtindo wa tenzi za kanisani uliochanganyika na desturi ya Kiafrika ya kurudia-rudia maneno. Ubeti unamwomba Mungu aibariki Afrika na kusikia sala za watu wake. Kiitikio chake cha asili kinamwita Roho Mtakatifu ashuke. Katika wimbo wetu wa Kiswahili, mahali pa kiitikio hicho tunaomba baraka kwa Afrika na watoto wake. Hivyo tangu mwanzo ulikuwa sala. Haukutungwa kwa ajili ya gwaride.

Mafrateri watapenda kujua kwamba uliimbwa hadharani kwa mara ya kwanza mwaka 1899 katika ibada ya kumweka wakfu mchungaji. Alikuwa Mchungaji Boweni, Mmethodisti wa kabila la Washangaan. Sala ya kuiombea Afrika ilianza safari yake siku ambayo mtu mmoja alikuwa akikabidhiwa utumishi wa watu wa Mungu.

Sontonga hakuona safari hiyo ilikofika. Aliugua tumbo na kufariki tarehe 18 Aprili 1905, akazikwa katika makaburi ya Braamfontein, Johannesburg. Walimu wa kwaya walifika kwa mjane wake kuazima nyimbo, na mwishowe daftari likapotea. Inasimuliwa kwamba Diana aliuza haki za wimbo huo kwa nusu shilingi.

Hata hivyo wimbo uliendelea. Kwaya ya shule ya Ohlange, iliyoanzishwa na John Dube, iliueneza. Tarehe 8 Januari 1912 uliimbwa Bloemfontein, kwenye mkutano ulioanzisha chama kilichokuja kuitwa ANC. Mwaka 1923 Sol Plaatje aliurekodi London, na mwaka 1925 ANC iliufanya wimbo wake rasmi. Mwaka 1927 mshairi Samuel Mqhayi aliuongezea beti saba.

Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata uhuru, na sala ya Sontonga ikawa wimbo wa taifa kwa Kiswahili. Baada ya Muungano wa mwaka 1964 jina la Tanzania liliingia mahali pa Tanganyika. Zambia nayo ilichukua sauti hiyo hiyo mwaka 1964, kwa maneno mengine. Wakati huo wote, katika nchi ya mtunzi mwenyewe, serikali ya ubaguzi haikuutambua. Wakimbizi wa ANC waliopokelewa Mazimbu, Morogoro, walikuta wenyeji wao wanaimba wimbo waliotoka nao nyumbani. Watoto wa Tanzania waliuimba kama wimbo wa taifa kwa miaka 33 kabla ya Afrika Kusini kuupa hadhi hiyo mwaka 1994.

Ndipo watu walipolitafuta kaburi la mtunzi. Lilikuwa vigumu kupatikana, kwa kuwa katika daftari la makaburi hakuandikwa kwa jina la Sontonga bali kwa jina la Enoch. Lilipotambuliwa, lilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa, na tarehe 24 Septemba 1996 Rais Nelson Mandela alizindua mnara mahali hapo. Ilikuwa imepita miaka 91 tangu azikwe.

Maisha haya yana neno kwa parokia zetu. Tunao walimu wa kwaya wanaotunga nyimbo usiku baada ya kazi za shamba au za darasani. Nakala za nota zao hupita mkono kwa mkono, kutoka kigango hadi kigango, na mara nyingi jina la mtunzi hukatika njiani. Kwaya iandike jina hilo kwenye kila nakala, na parokia iwe na kabati la kuhifadhi nota. Ni gharama ndogo, na ni haki ya aliyefanya kazi.

Na kwa mfrateri anayejiuliza kama utumishi wake kijijini utazaa matunda, Sontonga ni mfano mzuri. Alifundisha watoto wa shule moja ya misioni, kwa uaminifu, kwa miaka michache aliyopewa. Mengine yote yalikuja baada yake. Tutakaposimama tena kuimba wimbo wa taifa, tuuimbe kama alivyoutunga, yaani kwa kusali, na tumkumbuke yeye pamoja na marehemu wote waliotufundisha kumwimbia Mungu.