Georg Forster

Georg Forster (27 Novemba 1754 – 10 Januari 1794) alikuwa mtaalamu wa mimea na mwandishi Mjerumani.

Akiwa na miaka 17 alifuatana na baba yake katika safari ya pili ya James Cook (1772–1775), akichora mimea na wanyama. Mwaka 1786 alilipa kangaga la New Zealand, ambalo Wamaori huliita ponga, jina la Polypodium dealbatum, yaani lililopakwa weupe, kwa sababu majani yake hung'aa kama fedha upande wa chini. Ndilo nembo ya timu ya raga ya nchi hiyo. Mwaka 1801 Olof Swartz alilihamishia jenasi Cyathea. Neno la Forster likabaki.

Mwenyewe alikuwa ameshafariki. Kwa kuunga mkono Mapinduzi ya Ufaransa hakuweza kurudi Ujerumani, akafa mgonjwa mjini Paris, mbali na watoto wake.