Bibi Mary Wortley Montagu na Ugonjwa wa Ndui

Zamani ndui ilikuwa ugonjwa wa kutisha kabisa. Iliua watu wengi, na waliopona walibaki na makovu usoni, na wengine vipofu. Nataka kuwaeleza habari za bibi mmoja wa Kiingereza aliyepigana nayo.

Bibi Mary alizaliwa mwaka 1689. Baba yake alikuwa mtu mkubwa, ambaye baadaye alifanywa Duke wa Kingston. Siku zile wasichana hawakupewa elimu ya juu, lakini Mary aliingia katika maktaba ya baba yake akajifundisha Kilatini mwenyewe. Baba alipotaka kumwoza kwa mtu asiyempenda, alitoroka mwaka 1712 akaolewa na Edward Wortley Montagu.

Mwaka 1713 ndui ilimwua ndugu yake wa pekee. Mwaka 1715 ikamshika yeye mwenyewe. Alipona, lakini uzuri wake uliosifiwa sana uliharibika, na kope zake zikanyonyoka zote.

Mwaka uliofuata mumewe alitumwa kuwa balozi Uturuki. Huko Bibi Mary aliona ajabu. Vikongwe walichukua usaha kidogo wa mgonjwa wa ndui, wakautia kwa sindano katika mwili wa mtoto mzima. Mtoto aliugua homa siku chache, kisha akapona, wala ndui haikumpata tena. Bibi Mary hakuwadharau wale akina mama kwa kuwa si madaktari. Mwezi wa Machi 1718 alimchanjisha mwanawe, aliyekuwa hajatimiza miaka mitano.

Ndui ilipozuka London mwaka 1721, alimchanjisha binti yake mbele ya madaktari. Mwaka huohuo wafungwa 6 waliohukumiwa kufa walichanjwa kwa ahadi ya kufunguliwa. Wote walipona, wakaachwa huru. Hata hivyo madaktari wengi walimpinga, na padre mmoja alihubiri kwamba kuchanja ni dhambi. Ni kweli kwamba hatari ilikuwapo, maana wachache waliochanjwa walikufa. Lakini waliokufa kwa ndui yenyewe walikuwa wengi zaidi. Mwaka 1722 binti wawili wa mwana wa mfalme walichanjwa, na watu wengi wakafuata.

Bibi Mary alifariki mwaka 1762. Mwaka 1796 Daktari Edward Jenner alipata njia iliyo salama zaidi, ya kuchanja kwa ndui ya ng'ombe. Mgonjwa wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alionekana Merca, Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 ilitangazwa kwamba ndui imekwisha duniani.

Ndugu zangu, sisi tunaosoma shuleni huenda tukafikiri kwamba elimu yote imo vitabuni. Bibi huyu alisoma vitabu vingi, lakini jambo kubwa kuliko yote alilifundishwa na vikongwe wa nchi ya kigeni. Naye hakuwashauri wenzake walijaribu kwa watoto wao kabla hajalijaribu kwa mtoto wake mwenyewe.