MCHUMIA JUANI ALIYENYIMWA KIVULI

Wahenga walisema kuwa mchumia juani hulia kivulini. Lakini wenzangu, je, mwingine akija kukalia kivuli chako? Hayo ndiyo yaliyompata George Bridgetower, bingwa wa fidla ambaye nadhani wengi wenu hamjapata kumsikia. Hebu tegeni masikio niwasimulie.

Bridgetower alizaliwa mwaka wa 1778 huko Biała Podlaska, nchini Poland. Baba yake alikuwa mtu mweusi na mama yake Mzungu. Kipaji chake kilichomoza mapema kama jua la alfajiri. Mwaka wa 1789, akiwa na umri wa miaka kumi tu, alipiga fidla mbele ya umati wa watu jijini Paris. Mwaka uo huo baba yake akamvusha bahari hadi Uingereza. Huko, mwana wa mfalme, yule aliyekuja kuwa Mfalme George wa Nne, alimpenda, akamlea na kumweka katika kundi lake la wanamuziki.

Mwaka wa 1802 aliomba ruhusa akamwone mama yake mjini Dresden, Ujerumani. Kutoka hapo akaenda Vienna, akakutana na Ludwig van Beethoven. Wakapatana kama chanda na pete. Beethoven akaharakisha kumaliza sonata ya fidla na piano ili waipige wawili. Tarehe 24 Mei 1803, asubuhi, wakapanda jukwaani. Sehemu ya pili ilikuwa haijanakiliwa, basi ikabidi Bridgetower aisome kwenye mwandiko wa Beethoven mwenyewe! Hata hivyo hakutetereka. Mahali fulani alijibu piano kwa mapigo aliyoyabuni papo hapo, na Beethoven, kama Bridgetower alivyoeleza baadaye, akaruka kutoka kitini akamkumbatia.

Lakini hasira, hasara. Baada ya siku si nyingi wakakosana. Uzeeni Bridgetower alisimulia kwamba chanzo kilikuwa msichana. Sonata ilipochapishwa mwaka wa 1805, Beethoven alikuwa ameitabaruku kwa Mfaransa, Rodolphe Kreutzer. Kumbe huyo Kreutzer hakuwahi hata kuipiga hadharani! Hadi leo ulimwengu mzima unaiita sonata ya Kreutzer.

Je, Bridgetower alikata tamaa? Hata kidogo. Alirudi Uingereza akaendelea na kazi yake, na mwaka wa 1811 akapata shahada ya muziki katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Alifariki jijini London mwaka wa 1860.

Wako watakaosema eti aliyataka mwenyewe, kwani ni nani aliyemtuma kugombana na mkubwa? Mimi sikubaliani nao. Ugomvi unaweza kuvunja urafiki, lakini haubadilishi ukweli kuhusu aliyefanya kazi. Isitoshe, katika mwandiko wa awali wa Beethoven jina la Bridgetower lingalipo, ingawa limeandikwa kwa mzaha na tahajia yake imeharibika. Wino haukudanganya.

Basi wanachama wenzangu, hasa ninyi mnaosoma somo la Muziki, siku mtakapoisikia sonata hiyo mkumbukeni mtu ambaye ilitungwa kwa ajili ya vidole vyake. Tumrudishie kivuli chake, angalau hapa shuleni kwetu.