Austin Bradford Hill: mgonjwa wa TB aliyesomea takwimu, akawafundisha madaktari kupima dawa

Kila mara matokeo ya kidato cha sita yanapotoka na vijana wetu wa Vwawa, Tunduma, Ileje na Momba wanapoanza kuomba vyuo, swali moja huturudia: mtoto amechaguliwa kusomea takwimu, je, huko mbele atakuwa nani? Udaktari mzazi anauelewa. Ualimu, sheria na uhandisi pia. Takwimu anaiona ni ile kazi ya kuhesabu watu siku ya sensa, basi. Leo tunawaletea maisha ya mtu aliyetaka udaktari akaukosa, akaangukia kwenye takwimu. Kama kuna mtu nyumbani kwenu aliyemeza dawa za kifua kikuu kwa miezi sita akapona, maisha haya yanamhusu.

Austin Bradford Hill alizaliwa London, Uingereza, tarehe 8 Julai 1897. Baba yake, Leonard Hill, alikuwa mtafiti mashuhuri wa namna mwili wa binadamu unavyofanya kazi, na kijana alikua akijua kwamba naye atasomea udaktari. Vita Kuu ya Kwanza ikavuruga mipango. Mwaka 1916, wakati majeshi ya Waingereza yakivuka mpaka wetu huu kutoka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland kuja kupigana na Wajerumani, Hill alijiunga na kikosi cha ndege cha jeshi la majini. Akawa rubani, akapelekwa upande wa bahari ya Aegean, kati ya Ugiriki na Uturuki. Huko akapata kifua kikuu.

Akarudishwa nyumbani akiwa mgonjwa wa kufa. Tukumbuke kwamba wakati ule TB haikuwa na dawa. Tiba ilikuwa kitanda, hewa safi na chakula kizuri, na kwa wengine madaktari waliingiza hewa kifuani ili pafu linywee na lipumzike. Hill alifanyiwa hivyo. Serikali ilimwandikia pensheni kamili ya mlemavu wa vita, kwa kuwa haikutarajiwa kwamba ataila muda mrefu. Alikaa karibu miaka miwili hospitalini, na mingine miwili akijiuguza. Ndoto ya udaktari ikaishia hapo, maana mafunzo yale yanataka mtu anayeweza kusimama wodini kutwa nzima.

Alichokiweza ni kusoma akiwa amelala. Chuo Kikuu cha London kilikuwa na utaratibu wa kumruhusu mtu ajisomee popote alipo, kisha aje kufanya mtihani tu. Ni jambo la kufanana na linalofanywa leo na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Na shahada za London si ngeni kwetu: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961 kilikuwa tawi la chuo hicho hicho. Hill alichagua uchumi, akapata shahada mwaka 1922 bila kuhudhuria hata kipindi kimoja darasani.

Shahada ya uchumi haikumvutia kwa ajili ya uchumi wenyewe. Rafiki wa baba yake, Major Greenwood, alikuwa akichambua vifo na magonjwa kwa hesabu, na akamsaidia kupata fedha za utafiti. Kazi ya kwanza ya Hill itawafurahisha wasikilizaji wetu wa vijijini. Alitumwa mkoa wa Essex kuchunguza vijana wanaohama vijijini kwenda mjini, na kama kuhama kwao kunabadilisha hesabu ya vifo vya kule walikotoka. Fikirieni kijiji ambacho vijana wenye nguvu wote wamekwenda kutafuta maisha Tunduma. Wanaobaki ni wazee, watoto na wagonjwa. Mwaka huo ukihesabu vifo utasema kijiji kina balaa, kumbe waliobadilika ni watu waliobaki. Kugundua mtego wa namna hiyo ndiyo kazi ya mtu wa takwimu.

Akiwa kazini alikwenda pia Chuo cha University College, London, kusikiliza mihadhara ya Karl Pearson, mmoja wa waliolijenga somo hili hadi likawa na idara yake chuoni. Mwanafunzi wa takwimu wa leo, awe Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, bado hukutana na kanuni za Pearson. Kiini chake kinaelezeka kwa lugha ya kawaida. Ukirusha sarafu mara kumi inaweza kuanguka upande mmoja mara saba, na sarafu haina kasoro yoyote. Ukiirusha mara elfu moja ikaanguka upande mmoja mara mia saba, hapo kuna jambo. Somo zima linahangaika na swali hilo: tofauti niliyoiona imeletwa na bahati tu, au kuna kitu cha kweli?

Madaktari wa zama zile hawakuliuliza sana. Daktari mkubwa akisema dawa fulani inafaa, ilitosha. Aliikumbuka sura ya mgonjwa aliyepona, na waliokufa walisahaulika. Hilo hata sisi tunalijua. Mwaka 2011 maelfu ya Watanzania walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe, na redio zilijaa ushuhuda wa waliosema wamepata nafuu. Marehemu hapigi simu redioni.

Mwaka 1937 Hill aliandika mfululizo wa makala katika jarida la madaktari la Lancet, akiwafafanulia hesabu hizi kwa lugha nyepesi, kisha zikatoka kama kitabu kilichochapwa tena na tena. Sisi watangazaji tunaona hapo ndipo ulipokuwa ustadi wake. Wapo waliomzidi mbali kwa hesabu ngumu. Yeye alijua kusema na watu waliozikimbia hesabu tangu shuleni, na alijua nini cha kuacha kwa sasa ili wasishtuke.

Kisha ikaja streptomaisini. Dawa hii iligunduliwa Marekani mwaka 1943, na ilikuwa ya kwanza kuonyesha uwezo wa kweli dhidi ya TB. Uingereza, iliyotoka vitani ikiwa haina dola, ilipata kiasi kidogo tu. Wagonjwa walikuwa wengi mno kuliko dawa. Nani apewe?

Hill, aliyewahi kulala kitandani na ugonjwa huo huo, alisema ipigwe kura. Kwa kuwa dawa haiwatoshi wote, wengi wataikosa kwa vyovyote, basi igawiwe kwa namna itakayotufundisha kama inafaa. Majina yasichaguliwe na daktari, maana daktari ana huruma, na bila kukusudia atampa dawa yule anayeona ana nafuu, au yule anayemwonea uchungu zaidi. Zikaandaliwa bahasha zilizofungwa, na ndani ya kila moja neno la kundi, kwa mpangilio uliotokana na namba za bahati nasibu. Mgonjwa akishapokelewa kwenye jaribio, bahasha inafunguliwa.

Chanzo cha wazo hili ni shambani. Ronald Fisher, mtu wa takwimu katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, alionyesha miaka ya 1920 kwamba ukitaka kulinganisha mbegu mbili, vipande vya shamba vigawiwe kwa kura. Mkulima wa Mbozi ataelewa mara moja. Ukipanda mbegu mpya ya mahindi pale bondeni penye rutuba, ya zamani ukaipeleka kwenye mteremko wenye mchanga, mavuno hayatakuambia lolote juu ya mbegu. Yatakuambia habari za udongo tu. Hill alifanya kwa wagonjwa kile ambacho Fisher alikifanya kwa mashamba.

Wagonjwa walikuwa 107, vijana wenye TB kali ya mapafu yote mawili. Waliopata streptomaisini pamoja na mapumziko ya kitandani walikuwa 55. Waliopata mapumziko peke yake walikuwa 52. Picha za vifua zilisomwa na wataalamu wasioambiwa ni ya mgonjwa wa kundi gani, ili matumaini yao yasiwapofushe. Baada ya miezi sita, katika kundi la dawa walikuwa wamekufa 4. Katika kundi lingine walikufa 14. Matokeo yalichapishwa mwaka 1948, na jaribio hilo hadi leo linafundishwa vyuoni.

Lipo jambo ambalo hatutaki kulipita kimya. Wagonjwa wale hawakuambiwa kwamba wamo kwenye jaribio. Wale 52 hawakujua kuna dawa ambayo wenzao wanaipata. Leo haikubaliki: mtu lazima aelezwe na akubali mwenyewe, na ana haki ya kukataa. Utetezi wa wakati ule ulikuwa kwamba dawa haikuwepo ya kuwatosha, na hilo ni kweli. Kutowaambia ni suala jingine.

Habari haikuishia kwenye ushindi pia. Wagonjwa waliendelea kufuatiliwa, na miaka mitano baadaye zaidi ya nusu ya wale waliopata streptomaisini walikuwa wamekufa. Vimelea vya TB vilikuwa vimejifunza kuizoea dawa. Majaribio yaliyofuata, kwa mtindo ule ule wa kura, yalionyesha kwamba ukitoa dawa mbili kwa pamoja usugu unapungua sana. Ndiyo maana mgonjwa wa zahanati ya kijijini kwetu anapewa dawa kadhaa kwa pamoja, na ndiyo maana mhudumu hugomba akisikia umeacha dozi katikati kwa sababu kikohozi kimekatika.

Njia hiyo ikasambaa. Miaka ya 1950 huko Madras, India, kura iliamua nani atibiwe sanatoria na nani atibiwe nyumbani kwake. Waliotibiwa nyumbani, wengi wao maskini, hawakuachwa nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 zamu ikawa yetu: watafiti wa Afrika Mashariki na Uingereza walilinganisha tiba ya miezi 18 iliyokuwa ikitumika na tiba ya miezi sita, kwa wagonjwa wa hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania. Miezi sita iliweza, pale rifampisini ilipokuwa ndani ya mseto. Kwa dereva wa lori anayelala foleni Tunduma wiki hii na wiki ijayo yuko Zambia, miezi 18 ya dawa ilikuwa karibu sawa na kuambiwa hutamaliza. Wagonjwa waliotoa jibu hilo kwa dunia walikuwa watu wa kwetu, na hawatajwi mara nyingi.

Hill mwenyewe alikuwa amehamia kwenye swali jingine. Yeye na daktari Richard Doll waliwahoji wagonjwa wa saratani ya mapafu na wagonjwa wengine hospitalini. Mwaka 1950 walitangaza kwamba katika wanaume 649 wenye saratani hiyo, wasiovuta sigara walikuwa 2 tu. Katika wanaume 649 wa kulinganisha, walikuwa 27. Baadaye wakawaandikia madaktari wa Uingereza kuhusu uvutaji wao, zaidi ya 40,000 wakajibu, na wakasubiri kuona nani anakufa na nini. Hapo kura haikuwezekana, huwezi kumlazimisha mtu avute. Mwaka 1965 alitoa hotuba yenye mambo tisa ya kuyapima kabla ya kusema kitu fulani kinasababisha ugonjwa fulani, na wanafunzi wa afya ya jamii wanayasoma mpaka sasa.

Malkia alimpa heshima ya Sir mwaka 1961. Alikuwa profesa wa takwimu za tiba, na hakuwahi kuwa na shahada ya udaktari wala ya takwimu. Alifariki tarehe 18 Aprili 1991 akiwa na miaka 93. Ile pensheni ya mtu anayetarajiwa kufa mapema serikali ilikuwa imemlipa kwa zaidi ya miaka 70.