Al-Jahiz wa Basra na Ndege Wajao kwa Miadi

Jina lake kamili ni Abu Uthman Amr bin Bahr al-Kinani, lakini watu wa zama zake walimwita al-Jahiz, yaani mwenye macho yaliyotokeza. Wengi wetu hapa pwani tumelisikia jina hilo vyuoni likitajwa pamoja na ufasaha wa lugha ya Kiarabu. Leo lakini napenda tumtazame kwa upande mwingine, kama mtu aliyezaliwa katika mji wa bandari, akawaona ndege na samaki wakija na kurejea kwa nyakati zao, na akataka kujua mambo yao.

Alizaliwa Basra yapata mwaka 776, sawa na mwaka 160 Hijria. Watu wake walikuwa maskini. Inasimuliwa kwamba babu yake alikuwa mtu mweusi, mchunga ngamia wa kabila la Kinana. Mwenyewe al-Jahiz baadaye aliandika risala maarufu ya kutetea fahari ya watu weusi, na ndani yake akawataja Wazinji, jina ambalo Waarabu wa zama zile waliwaitia watu wa pwani hii yetu. Katika ujana wake alionekana akiuza mikate na samaki kando ya mfereji wa Sihan.

Lakini biashara haikumshika, kwani moyo wake ulikuwa katika elimu. Alikwenda soko la Mirbad, nje ya mji, akawasikiliza mabedui waliokuja na ngamia wao, akajifunza kwao lugha safi. Alisoma kwa al-Asma'i na Abu Ubayda, mabingwa wa lugha, na kwa al-Nazzam akachukua hoja za Mu'tazila. Madhehebu hayo Masunni wengi hawakuyakubali, na msomaji si lazima akubaliane nayo ndipo afaidike na yale al-Jahiz aliyoyaona kwa macho yake. Twaambiwa kuwa alikuwa akikodi maduka ya wauza vitabu usiku, akilala humo ili asome mpaka asubuhi. Na siku moja alipoomba chakula, mama yake alimwekea sinia lililojaa madaftari, akimaanisha kuwa hayo ndiyo pekee aletayo nyumbani.

Bahati ilimgeukia pale Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kutoka mwaka 813 hadi 833, aliposoma maandiko yake juu ya uimamu akayapenda. Al-Jahiz akahamia Baghdad. Alipewa kazi katika ofisi ya waandishi wa serikali, akakaa siku tatu tu kisha akaiacha. Aliona afadhali aishi kwa kalamu yake mwenyewe.

Walakini mwandishi wa zama zile alihitaji mlinzi mwenye cheo, na hapo ndipo hatari ilipokuwa. Mlinzi wake alikuwa waziri Ibn al-Zayyat, ambaye al-Jahiz alimtunukia kitabu chake kikubwa, Kitab al-Hayawan, Kitabu cha Wanyama, akapewa dinari 5,000. Mwaka 847 Khalifa al-Mutawakkil alimkamata waziri huyo, akauawa kwa mateso ndani ya tanuri lenye misumari. Al-Jahiz alikimbia. Alikamatwa akaletwa amefungwa minyororo mbele ya kadhi mkuu Ibn Abi Du'ad, aliyekuwa adui wa waziri. Ulimi wake ndio uliomwokoa, kwani kadhi alipendezwa na maneno yake, akaamuru afunguliwe. Baadaye kadhi huyo naye akatunukiwa kitabu. Inasimuliwa pia kuwa al-Mutawakkil alitaka kumfanya mwalimu wa watoto wake, lakini alipouona uso wake akampa dirhamu 10,000 akamwambia aende zake.

Hicho Kitabu cha Wanyama, kilichopigwa chapa Cairo kwa majuzuu saba, ndicho kinachonivuta mimi. Al-Jahiz hakukaa chumbani akanakili ya Wayunani tu. Aristotle alimsoma na kumheshimu, lakini mahali asipoona ushahidi hakusita kumpinga. Aliwauliza wavuvi, mabaharia, wachinjaji, wakamata nyoka na wafuga njiwa. Juu ya njiwa aliandika kurasa nyingi: jinsi dume na jike wanavyopokezana kuatamia mayai, jinsi wanavyowalisha makinda, na jinsi njiwa wa posta anavyoijua njia ya kwao akiachwa mbali. Kwake yeye, kiumbe hata kikiwa kidogo namna gani ni dalili ya hekima ya Muumba, na anayepita bila kukitazama amekosa somo.

Mambo mawili katika elimu yake yanatuhusu sana leo. La kwanza ni kwamba aliona mahali panabadili viumbe. Alitoa mfano wa nchi ya mawe meusi ya Bani Sulaym huko Arabuni, ambako alisema watu, wanyama na hata wadudu wote huwa weusi kwa sababu ya ardhi ile. Wapo siku hizi wanaotaka kumvika kilemba cha Darwin kwa maneno kama hayo. Mimi sioni haja, kwa kuwa sifa yake yatosha bila ya kuazimwa ya mwingine.

La pili ni habari ya wale aliowaita qawati', yaani ndege na samaki wasafiri wa msimu. Aliandika kwamba huja Basra kwa nyakati zinazojulikana. Miongoni mwa samaki alimtaja barastuji, ambaye alisema hutoka katika bahari ya Zinji akitafuta maji matamu ya mto wa Basra, kisha hurudi alikotoka, na kwamba mabaharia walilijua jambo hilo. Tazama basi, msomaji mpenzi, jinsi habari ya bahari yetu ilivyofika kwenye wino wake miaka zaidi ya 1,100 iliyopita, kupitia vinywa vya wanamaji.

Sasa ni nini kinachomwambia ndege kwamba siku yake ya kusafiri imefika? Jibu lilichelewa sana. Katika miaka ya 1920 mtaalamu William Rowan huko Kanada aliwaweka vindege ndani ya vizimba wakati wa baridi kali, akawawashia taa jioni ili mchana wao urefuke. Ijapokuwa baridi ilikuwa vile vile, miili yao ilijitayarisha kuzaa kana kwamba majira ya kuchipua yamefika. Hivyo ikadhihirika kwamba saa kubwa ya ndege ni urefu wa mchana. Saa hiyo haibadiliki. Mchana wa tarehe fulani leo ni sawa na mchana wa tarehe hiyo wakati wa al-Jahiz.

Lakini joto, mvua na chakula havifuati saa hiyo. Dunia inapopata joto, miti ya kaskazini huchipua mapema na viwavi hutoka mapema. Ndege wakaao huko mwaka mzima wanaweza kufuata. Katika msitu wa Wytham, karibu na Oxford, ambako viota vimehesabiwa tangu mwaka 1947, kindege aitwaye titi mkubwa siku hizi hutaga kiasi cha wiki mbili mapema kuliko ilivyokuwa katika miaka ya 1960. Shida ni ya msafiri. Kuna kindege mweusi na mweupe, mkamata wadudu, ambaye hupitisha baridi Afrika Magharibi na kuzaa Uholanzi. Akiwa Afrika hawezi kujua kwamba huko aendako viwavi wametangulia. Watafiti walipochunguza miaka ya 1987 hadi 2003, waliona kuwa katika misitu ambayo viwavi hutoka mapema zaidi, idadi ya vindege hao ilipungua kwa kiasi cha asilimia 90. Walifika kwa miadi yao, karamu wakaikuta imekwisha.

Na Basra je? Kando ya mji huo wa al-Jahiz yako mabwawa makubwa ya matete, na humo huzaa kindege wa rangi ya udongo ambaye wataalamu wamemwita kwa jina la mji wenyewe, ndege-matete wa Basra. Huyu ni jamaa yetu. Baridi ikikaribia huko Iraki yeye huja Afrika Mashariki, naye huonekana kwenye vichaka na matete ya pwani, likiwemo bonde la Tana. Huko Ngulia, Tsavo Magharibi, ndege wasafiri wamekuwa wakikamatwa na kuvishwa pete tangu mwaka 1969, na kila mwaka katika usiku wa ukungu wa Novemba na Desemba yeye huwa miongoni mwao. Huja wakati kaskazi inapoanza, ule ule ambao majahazi ya Basra yalikuwa yakileta tende Lamu na Mombasa, na hurudi kabla kusi haijashika nguvu.

Katika miaka ya 1990 serikali ya Iraki iliyakausha mabwawa yale kwa mifereji na kuta za udongo. Kufikia mwaka 2003 lilikuwa limebaki chini ya fungu moja katika kumi. Mwaka huo wenyeji walizibomoa kuta, maji yakarudi kwa kiasi, na mwaka 2016 mabwawa yakaingizwa katika urithi wa dunia. Hata hivyo mabwawa ya umeme juu ya mito, pamoja na ukame wa miaka ya 2021 hadi 2023, yalikausha tena sehemu kubwa. Saa ya kindege humwambia aondoke kwetu. Haimwambii kama nyumbani kwake kuna maji.

Al-Jahiz alirudi kwao Basra uzeeni, nusu ya mwili wake ikiwa imepooza, na akafariki huko mwaka 255 Hijria, yaani mwishoni mwa 868 au mwanzoni mwa 869. Inasimuliwa kuwa vitabu vyake vilivyopangwa kumzunguka vilimwangukia. Kama ni kweli au ni hadithi, ni mauti yanayomwelekea.

Mimi naona faida kubwa aliyotuachia ni ile tabia ya kuwauliza wanaoona. Wavuvi wetu wanajua ni mwezi gani samaki gani huingia, na wakulima wa Tana wanajua ni lini mbayuwayu hufika na ni lini huondoka. Elimu hiyo imo vichwani tu, na siku hizi nyakati zinageuka. Kijana aliye na daftari na kalamu angeiandika, kwa tarehe, mwaka hata mwaka, kabla wazee hawajaondoka nayo. Mwenyezi Mungu amrehemu al-Jahiz, aliyeona kwamba maneno ya muuza samaki yanastahili kuandikwa kitabuni.