Jaji William Grove

William Grove alizaliwa Swansea, katika nchi ya Wales, mwaka 1811. Alisomea sheria, lakini kwa udhaifu wa mwili akaiacha kwa muda, akashika elimu ya umeme. Watu walikwisha jua kwamba umeme ukipitishwa majini huyatenga yakawa hewa mbili, haidrojeni na oksijeni. Grove akataka kujua kama hewa hizo zikikutana tena zitarudisha umeme.

Akatwaa mirija ya kioo yenye vipande vya platinamu, akaisimamisha katika asidi. Mmoja una haidrojeni, wa pili oksijeni. Hapakuwa na moto wala moshi, ila umeme ulipita, na hewa zile zikapungua, zikawa maji. Akaaye Mkuyuni, akitazama mito ya Uluguru ikiporomoka, hufahamu upesi jinsi maji yazungushavyo gurudumu. Lakini hapa maji hayakuzungusha kitu, yalikuwa yakizaliwa. Mwaka 1842 akaunganisha jozi 50 za mirija, na umeme wake ukatenga maji mengine.

Lakini platinamu ilikuwa ghali, na watoto wake walihitaji kulishwa. Akarudia sheria, na mwaka 1871 akawa jaji. Alikufa London mwaka 1896, na chombo chake hakijatumika majumbani. Mwaka 1969 vyombo vya namna hiyo viliwapa umeme na maji ya kunywa watu waliokwenda mwezini. Na tangu mwaka 2009 watu wa Japani huvinunua, wakapata umeme na maji ya moto nyumbani mwao.